Mguu wa Bata Ndani ya Kiatu cha Magongo

Ukisema kwa Kiswahili kwamba unatafuta sketi za namba tisa, watu watakuuliza ni za mchumba wako au za dada yako. Yalinikuta sokoni Owino, Kampala, kwenye vichochoro vya wauza viatu. Kijana mmoja alinisikiliza kwa makini, akanishika mkono, akanipeleka hadi kwa mama mmoja aliyetundika nguo za kike kuanzia chini hadi juu ya banda lake. Tangu siku hiyo zile skates za Waingereza naziita "viatu vya magurudumu", japo jina hilo nalo halitoshi. Ninavyovizungumzia ni viatu vya mpira wa magongo, ule unaochezwa barafuni, ila chini yake badala ya kisu cha chuma kuna magurudumu manne yaliyopangwa mstari mmoja. Huku kwetu Uganda barafu tunaiona kwenye friji na kwenye vilele vya Rwenzori, basi. Magurudumu ndiyo njia yetu.

Nimepitia jozi tatu. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya pili ilinibana hadi nikaichukia, ya tatu ndiyo niliyo nayo hadi leo, na hata hiyo ilibidi ipite mikononi mwa fundi wa Katwe na ndani ya saluni ya dada yangu kabla mguu wangu haujaikubali.

Kwanza niueleze mguu wenyewe, maana ndio chanzo cha kesi. Nimekulia kambini Jinja, mtoto wa askari, na ndiyo sababu nakiandika Kiswahili bila kubabaika wakati majirani zangu wa sasa wanakiona ni lugha ya watu wenye bunduki. Kambini tulicheza mpira pekupeku kuanzia alasiri hadi filimbi ya jioni. Mtoto anayekua bila viatu, mguu wake hutanuka mbele. Vidole huachana, kila kimoja kikajitafutia nafasi yake. Wangu ulitanuka kuliko ya wenzangu wote, wakanipa jina la Bata. Wengine walidhani ni kwa sababu ya viatu vya Bata ambavyo sikuwa navyo. Hapana, ni bata yule wa majini.

Viatu vya shule mama alininunulia vilivyonizidi namba mbili. "Utakua navyo," alisema huku akisokota gazeti na kulishindilia kwenye ncha. Muhula wa tatu gazeti lilikuwa limetoka, na mwaka uliofuata vidole vilikuwa vimejikunja humo ndani, ila viatu bado vizima, basi vinavaliwa. Baba naye alikuwa na yake. Akipewa buti mpya, aliziloweka kwenye beseni, akazivaa zikiwa zimelowa, akatembea nazo kutwa nzima hadi zikaukie mguuni. Nilimuuliza kama haziumi. "Utazoea," alinijibu, kana kwamba buti zilikuwa zangu.

Utakua navyo na utazoea: ukiniuliza nilifundishwa nini kuhusu viatu kabla sijafika umri wa miaka thelathini, ni maneno hayo mawili tu. Kwa kiatu cha kutembelea yanaweza kukufikisha mbali. Mguu ukicheza ndani, unapata lengelenge, unabandika plasta, maisha yanaendelea. Juu ya magurudumu mambo ni mengine. Unasimama kwenye mstari usiofika sentimita tatu kwa upana. Kisigino kikiyumba ndani ya kiatu, kifundo kinalala upande, na goti linakifuata. Kiatu hakina budi kukushika kama mkono wa mtu anayekuvusha barabara.

Nilianza mchezo huu kwa kuwafuata vijana waliokuwa wakiteleza Jumapili alfajiri, kabla teksi na boda boda hazijateka barabara za Kampala. Wengi walikuwa na viatu vya mazoezi ya kawaida, vyenye ganda na kifungio cha plastiki. Sisi wachache tulitaka magongo. Tulichongesha fimbo kwa seremala, goli likawa madumu mawili ya maji, uwanja ukawa ni maegesho ya magari yaliyokuwa matupu siku hiyo. Mwenzetu mmoja aliyewahi kusoma ng'ambo akatuambia kwamba magongo yanataka kiatu chake, kile kigumu cha kamba. Hakukosea. Kumbe hata hivi vya magurudumu mstari mmoja vilipata umaarufu kupitia wachezaji wa magongo: ndugu wawili wa Minnesota, Marekani, Scott na Brennan Olson, waliviboresha kuanzia mwaka 1980 ili wacheza barafuni wapate cha kufanyia mazoezi kiangazi. Na CCM, moja ya chapa kubwa za viatu hivi, ilianza Kanada mwaka 1899 kama kiwanda cha baiskeli; herufi hizo ni za Canada Cycle & Motor. Jambo hilo lilinifurahisha sana, mimi niliyezoea kuona fundi wa baiskeli akishona viatu.

Basi nikarudi Owino, safari hii nikionyesha picha kwenye simu. Muuzaji akafukua gunia la mivumba, yaani mitumba, akatoa jozi nyeusi, nzito, iliyosuguka pembeni. Kwenye ulimi wa kiatu karibu maandishi yote yalikuwa yamefutika, isipokuwa namba 9. Mimi navaa 9 ya Kiingereza, ile ambayo madukani huandikwa 43 kwa kipimo cha Ulaya. Nikaona Mungu amenikumbuka. Tukavutana bei, nikalipa shilingi 90,000, nikaenda nyumbani nikiimba.

Kumbe namba ya kiatu cha magongo haifuati ya kiatu cha mtaani. Mara nyingi huwa chini yake kwa namba moja na nusu hivi, na kwa wengine hata mbili, ukihesabu kwa kipimo cha Kimarekani. Mimi wa 9 ya Kiingereza ni kama 10 ya Kimarekani, kwa hiyo nilipaswa kuanzia 8 na nusu, au hata 8. Ile 9 niliyoinunua ilikuwa ya mtu mwenye mguu mrefu kuliko wangu. Sikujua. Nilipoona kisigino kinanyanyuka nikavaa soksi mbili. Kilipoendelea kunyanyuka nikakaza kamba kwa nguvu zote, hadi nikapata jeraha mbele ya kifundo, pale kamba zinapopishana. Likavimba, likawa jeusi, na kila nikiinama kufunga kamba nauma meno. Nilikuwa nafanya kwa kamba kile mama alichokifanya kwa gazeti.

Siku moja tukiteremka kutoka Kololo kuelekea Lugogo, mguu wa kulia uligeuka ndani ya kiatu huku kiatu chenyewe kikiwa kimenyooka. Sijui nieleze vipi. Kiatu kilikuwa kinaelekea mbele na mimi nilikuwa naelekea mtaroni. Nilikumbatia nguzo ya umeme kama ndugu aliyetoka safari, na mwendesha boda aliyekuwa akisubiri abiria akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimelipa bima.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kuhusu namba. Kipimo cha Kiingereza kimejengwa juu ya punje ya shayiri: punje tatu ni inchi moja, na kila namba ya kiatu ni punje moja, yaani kama milimita 8 na nusu. Cha Wafaransa, ambacho ndicho tunachokiita cha Ulaya, hupanda kwa theluthi mbili za sentimita. Kwa hiyo mtu anapokuambia 43 na mwingine akakuambia 9, mmoja anapima kwa sentimita na mwenzake bado yuko shambani anahesabu shayiri. Kipo kipimo kingine chenye akili zaidi kinachotumia milimita za mguu wenyewe, ila kwenye gunia la mivumba hukutani nacho mara nyingi.

Madukani Amerika ya Kaskazini kuna kile chuma cha kupimia mguu kilichobuniwa na Charles Brannock wa Syracuse, New York, miaka ya 1920. Kinapima urefu, upana, na pia umbali kutoka kisigino hadi lile tuta la chini ya kidole gumba. Mimi nilitumia karatasi na ukuta. Unaweka karatasi sakafuni iguse ukuta, unasimama juu yake kisigino kikigusa ukuta, uzito wote mguuni, na mtu mwingine anatia alama kwenye ncha ya kidole kirefu kuliko vyote akiwa ameisimamisha kalamu wima. Mtu mwingine, narudia. Ukiinama kujipima mwenyewe, mguu unabadilika. Fanya jioni, maana mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na vaa soksi nyembamba ile utakayochezea. Pima miguu yote miwili. Wangu wa kushoto ulikuwa sentimita 27.2, wa kulia 27.6. Upana wake, sentimita 11. Miaka yote hiyo nilidhani nina miguu miwili inayofanana.

Jozi ya pili nilijiona mjanja. Ilikuwa namba 8, urefu barabara, nikaipata kwa kijana mmoja wa Ntinda aliyekuwa ameacha mchezo. Pembeni ya namba palikuwa na herufi D, na mimi herufi sikuijali. Kikulacho ki kiatuni mwako. D ni upana wa kawaida. Mguu kama wangu unataka E au EE. Siku hizi chapa nyingine zimeacha herufi na kupanga kwa maumbo, kuanzia mguu mwembamba hadi mpana, lakini mivumba inayofika kwetu ni ya miaka mingi nyuma, na herufi ndizo utakazokuta. Dakika kumi na tano za kwanza zilikuwa nzuri. Kisha kidole cha mwisho kikaanza kuwaka moto, kisha mguu mzima ukafa ganzi, kisha upinde wa wayo ukakakamaa. Nikawa navua viatu kila baada ya goli, nimekaa juu ya dumu, nakanda miguu huku wenzangu wakicheka. Nilivivaa miezi minne. Utazoea, nilijiambia. Sikuzoea.

Aliyenifungua macho ni mchezaji mmoja wa Nairobi. Mwaka 2018 nilipanda basi la usiku kupitia Busia kwenda kumtembelea binamu yangu, naye akanipeleka Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, kwenye uwanja wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005. Ndipo walipokuwa wakifanyia mazoezi Kenya Ice Lions, ile timu ambayo mwaka huohuo ilialikwa Kanada ikacheza bega kwa bega na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa mchezo huu. Nilisimama kando ya ukuta nikitetemeka. Sikuwa nimebeba sweta, nani hubeba sweta Nairobi kwa ajili ya kuingia ndani? Mazoezi yalipokwisha nikamfuata kijana aliyekuwa akifungua kamba, nikamwambia shida yangu.

"Simama," akasema, akanivalisha vyake, maana tulikaribiana miguu. "Vidole vinagusa mbele?"

Nikamwambia vinagusa, kidogo tu.

"Sasa kunja magoti kama unataka kukaa. Bado vinagusa?"

Vilikuwa vimerudi nyuma, kisigino kimezama mahali pake na kutulia. Akaniambia hicho ndicho kipimo chenyewe: ukisimama wima vidole viguse kwa mbali bila kujikunja, ukiinama viachie, na kisigino kisinyanyuke hata ukijaribu kukinyanyua. Kisha akalegeza kamba zote, akauvuta ulimi mbele, akaomba kalamu ya binamu yangu. Akailaza juu ya kiatu, kutoka upande mmoja hadi mwingine, usawa wa tundu la tatu ukihesabu kutoka juu. Kalamu ikaegemea kingo zote mbili bila kugusa mguu wangu. Ingekaa juu ya mguu ikibembea, akasema, kiatu kingekuwa kifupi kwa kina, na hapo hata kiwe kipana kama mtumbwi kamba zitakukata. Nikakumbuka lile jeraha langu. Mimi nilikuwa najua urefu, nimejifunza upana kwa machozi, na kumbe kulikuwa na kina pia.

Jozi ya tatu ilitoka kwa Mkanada aliyekuwa akirudi kwao, akiuza kila kitu kuanzia kitanda hadi pasi. Namba 8, herufi EE. Nilikwenda kwake jioni makusudi, na kalamu mfukoni. Akacheka alipoona naifanyia kiatu chake mtihani, lakini akanyamaza kiatu kilipofaulu. Kasoro zilikuwa mbili: kidole cha mwisho cha mguu wa kulia, ule mrefu, na mfupa wa nje wa kifundo.

Kwao kuna maduka yenye tanuri maalumu. Kiatu huingizwa humo kwa dakika chache, joto kama la nyuzi 80, kikalainika, mtu akakivaa, akafunga kamba na kukaa kimya hadi kipoe na umbo la mguu wake. Kwetu tanuri hiyo hakuna. Mwenzetu mmoja alipasha vyake juu ya sigiri. Sitasema mengi, ila gundi iliachia, soli ikabaki na magurudumu, na kiatu kikabaki mkononi.

Nilikwenda Katwe, kwa mafundi wa chuma, nikampata mzee mmoja kutoka Bukavu. Nilifarijika kuongea Kiswahili, hata kama chake na changu si mtu na ndugu yake. Akaingiza mkono ndani ya kiatu, akautazama mguu wangu, akatoa hukumu: "Kiatu haina makosa. Muguu yako njo iko mupana." Nikamchorea kifaa ambacho washona viatu wa zamani hutumia: koleo refu, upande mmoja tufe, upande mwingine pete, tufe linaingia ndani ya kiatu, pete inakaa nje, unabana, ngozi inasukumwa pale tu unapotaka. Hakuuliza maswali zaidi. Tufe alilitoa kwenye beringi kuukuu ya lori, pete akaikata kwenye bomba, akachomea vyote kwenye kibanio chenye skrubu. Kazi ya saa mbili. Akaninong'oneza niongeze kidogo bei ya soda, nikaongeza.

Joto nililipata Nakawa, kwenye saluni ya dada yangu. Nilimwomba draya ile ya kofia, inayokausha nywele za kina mama wakiwa wamekaa. "Dakika ishirini," akasema, "na wateja wakikimbia utanilipa." Kabla ya hapo nilichukua rangi yake ya mdomo, nikapaka pale penye mfupa na kwenye kidole, nikaingiza mguu bila soksi, nikautoa, ndani ya kiatu pakabaki alama mbili nyekundu. Hapo ndipo pa kubana, si pengine. Kisha nikakiweka kiatu chini ya kofia ya draya. Mama aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni, rola kichwani, akakitazama muda mrefu.

"Mwanangu, na hicho kinasukwa au kinaseti?"

"Kinaseti, mama."

"Haya," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Kilipolainika kiasi cha kuingia ukibonyeza kwa kidole gumba, nikatia tufe ndani, nikakaza skrubu, nikakiacha hivyo hadi kesho yake. Kifundo nikakifanyia siku ya pili. Siku ya tatu nilivipasha vyote viwili tena, nikavivaa, nikafunga kamba nikizivuta kuelekea mbele na si pembeni, maana kiatu kikiwa laini matundu hung'oka. Nikakaa robo saa magoti yakiwa yamekunjwa, bila kusimama. Dada alikuwa akifagia nywele kunizunguka.

Jumapili iliyofuata nilicheza saa nzima bila kukaa juu ya dumu. Sikufunga goli hata moja, tusidanganyane, lakini kwa mara ya kwanza nilikuwa nafikiria mpira uko wapi. Nilikuwa nimesahau kwamba nina miguu.

Sasa binti wa dada yangu, ana miaka tisa, anataka vyake. Juzi jioni nilitandaza karatasi ya kalenda ya mwaka jana kwenye sakafu ya saluni, nikamsimamisha kisigino ukutani, kalamu wima. Amejaliwa mguu wa ukoo, vidole vimeachana kama vimegombana. Kushoto 21.4, kulia 21.3. Kwa mtoto kuna nyongeza ndogo inayoruhusiwa: akisukuma mguu mbele kabla ya kufunga kamba, kidole chako kimoja kipenye nyuma ya kisigino. Vikipenya viwili, ni kikubwa.

Dada yangu alikuwa akimsuka mteja, hakugeuka. "Ongeza hata namba mbili," akasema. "Atakua navyo."

"Mjomba, usiongeze," mtoto akaninong'oneza, bado kasimama kwenye karatasi.

Nikaandika 21.4, nikakunja karatasi, nikaitia mfukoni kabla mama yake hajaiomba.